Umbo la Motokaa na Mafuta Yake: Habari za Magari ya Kale katika Nchi ya Pamba

Historia ya nchi haikuandikwa katika vitabu peke yake. Sehemu yake nyingine imeandikwa katika mbao, katika bati na katika chuma, na mwenye kuitaka hana budi kujifunza kusoma maandishi ya namna hiyo, kama vile mwenye kutaka mashairi ya kale ajifunzavyo kusoma hati za Kiarabu. Insha hii yahusu kitu kimoja katika vitu hivyo, nacho ni motokaa iliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, yaani kabla ya mwaka 1939. Kila apataye kuona gari la namna hiyo huuliza maswali mawili. La kwanza, hili ni gari la umbo gani? La pili, litiwe mafuta gani ili injini yake ipate kuzunguka tena? Maswali haya yaonekana kuwa ya fundi wala si ya mwanahistoria. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipoitwa Bariadi.

Niliitwa kusoma maandishi. Kijana mmoja alikuwa amerithi kwa babu yake mabaki ya lori lililokaa miaka mingi chini ya banda, nyuma ya nyumba. Ubavuni mwa lori palikuwa na herufi za rangi zilizopauka, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, alidhani kwamba kazi ya kuzisoma ni yangu. Maandishi yalikuwa machache: uzito wa gari, idadi ya abiria, na herufi tatu za jina ambalo mengine yake yamefutika. Lakini kabla sijafika, fundi aliyeletwa kutoka mji mwingine alikwisha kumimina oili mpya katika injini na kupiga hendeli, na lori lile likanguruma. Watu wakashangilia. Halikumaliza saa moja. Lilianza kugonga tumboni kama mtu apigaye nyundo ndani ya pipa, kisha likazima, wala halikukubali kuzungushwa tena. Tangu siku ile nimetambua ya kwamba swali la mafuta nalo ni swali la historia.

Ili maswali yetu yapate majibu, yatupasa kwanza kukumbuka jinsi motokaa ilivyofika katika nchi hii. Mkoa wa Simiyu ni mpya kwa jina. Uliundwa mwaka 2012, makao yake makuu yakawa Bariadi, nao una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Zamani za utawala wa Waingereza sehemu yake kubwa ilikuwa katika Wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa, na Bariadi yenyewe ilikuwa katika utemi wa Ntuzu. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima na wafugaji, ambao huujua udongo kwa majina yake kama wajuavyo ng'ombe wao: luseni ni udongo wa kichanga, na mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni. Udongo huu mweusi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hugeuka kuwa ulimbo. Gari lolote lililotaka kupita hapa lilipaswa kupatana na udongo huu kwanza.

Kabla ya gari, mzigo ulikuwa juu ya kichwa. Wasukuma na Wanyamwezi walijulikana katika Afrika ya Mashariki kuwa wapagazi hodari, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Hata motokaa ya kwanza kulivuka bara hili kutoka bahari hadi bahari haikufanya hivyo bila ya wapagazi. Afisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 katika gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Petroli yake ilitangulizwa njiani na kuwekwa akiba, ikichukuliwa na watu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walileta malori na magari madogo ya Ford. Walakini magari yalikwama matopeni, mizigo ikarudi vichwani, na wapagazi wakafa kwa maelfu mengi kwa maradhi, njaa na uchovu.

Mageuzi ya kweli yalikuja na reli na pamba. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka na Malya. Pamba ya Ntuzu na Itilima ikapata njia ya kwenda ng'ambo, mradi ifikishwe kwanza kinuni ichambuliwe, kisha ipelekwe kwenye stesheni. Hapo ndipo lori lilipopata kazi yake. Ford ya namna ya TT, iliyotengenezwa tangu 1917 mpaka 1927, ilikusudiwa kubeba tani moja. Mrithi wake, Ford AA, alibeba tani moja na nusu, yaani mzigo wa wapagazi 50. Wenye vinu na wenye malori aghalabu walikuwa wafanya biashara wa Kihindi, hata vyama vya ushirika vya wakulima viliposimama katika miaka ya 1950, vikiongozwa na watu kama Paul Bomani, na shirikisho lao la Victoria likaanzishwa mwaka 1955. Pamba ilisafiri juu ya gari, nayo ilikuwa pia sehemu ya gari: nyuzi zilizofumwa ndani ya matairi ya wakati ule zilikuwa za pamba, na turubai za paa kadhalika.

Upande wa mashariki, ambako nchi hii hukutana na nyika za Serengeti, yalipita magari ya namna nyingine. Katika miaka ya 1920 wawindaji matajiri kutoka Ulaya na Marekani waliingia Serengeti kwa motokaa, na baadhi yao wakawa wakiwapiga simba risasi bila ya kushuka kitini. Denys Finch Hatton, ambaye alimwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza katika uwindaji wa mwaka 1928, alikuwa miongoni mwa waliopinga jambo hilo hadharani. Ulinzi wa wanyama ukazidishwa, na mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa. Basi katika nchi moja palikuwa na lori la pamba na gari la kuwindia, na tofauti yao ilionekana katika umbo.

Sasa tulikabili swali la umbo. Gari dogo la leo aghalabu ni kama yai: ganda lake ndilo mifupa yake. Gari la kale kwa kawaida lilikuwa vitu viwili. Chini palikuwa na chesesi, yaani fremu ya chuma yenye injini, springi na magurudumu. Na juu ya chesesi pakawekwa bodi, kama nyumba ijengwavyo juu ya msingi. Mnunuzi aliweza kununua chesesi tupu, kisha akajengewa bodi mahali pengine na fundi mwingine. Kwa hiyo jina lililo mbele ya rejeta latupa habari za kiwanda, wala halitupi habari za bodi. Bodi ndiyo itajayo kazi ya gari na cheo cha mwenyewe.

Ili kulitambua umbo, tuulize maswali manne kwa utaratibu. Kwanza, paa ni la nguo au ni gumu? Pili, milango ina vioo vya kupandishwa na kushushwa, au haina? Tatu, safu za viti ni ngapi? Nne, kati ya dereva na abiria pana ukuta wa kioo?

Paa likiwa la turubai, na milango ikiwa haina vioo bali hufungiwa mapazia ya nguo wakati wa mvua, hilo ni gari la wazi. Likiwa na safu mbili za viti huitwa turingi. Likiwa na safu moja huitwa rodista. Paa likiwa la nguo lakini milango ina vioo vya kuzungushwa kwa mkono, hilo ni kabrioleti. Hapa wengi hukosea, kwa sababu magari haya yakiisha kukunjwa paa hufanana sana katika picha. Mwenye kutaka hakika asitazame paa. Aufungue mlango, autafute ufa ambamo kioo hupita.

Paa likiwa gumu na safu ya viti ikiwa moja, hilo ni kupe. Mfugaji wa Bariadi asitushangae: neno hili halikutokana na mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe wake. Ni la Kifaransa, na maana yake ni kitu kilichokatwa, kwa kuwa gari la farasi lenye jina hilo lilikuwa kama gari kubwa lililokatwa nusu yake. Paa gumu na safu mbili za viti, hiyo ni sedani, iwe na milango miwili au minne. Sedani ndefu yenye kioo kitengacho dereva na bwana wake ni limuzini. Na kama sehemu ya nyuma peke yake, juu ya kichwa cha bwana, ni ya nguo na yaweza kufunuliwa, hiyo ni landoleti. Katika rodista na kupe nyingi pana kifuniko nyuma, ambacho kikifunuliwa hugeuka kuwa kiti cha nje. Aliyeketi hapo alipata jua, mvua na vumbi lote la njiani.

Kisha ziko dalili za umri. Magurudumu ya Ford T, ambayo ilitengenezwa kuanzia 1908 mpaka 1927 na kupita milioni 15 kwa idadi, yalikuwa na njiti za mbao kwa miaka karibu yote. Ya Ford A, iliyoifuata, yalikuwa na njiti za waya. Ford T haikuwa na breki katika magurudumu ya mbele. Ford A ilikuwa nazo katika magurudumu yote manne. Paa la sedani nalo lina ushuhuda. Kwa muda mrefu mashine za kukandamizia bati hazikuweza kutoa paa zima kwa pigo moja, basi katikati ya paa pakaachwa nafasi iliyofunikwa kwa mbao na nguo iliyopakwa rangi. Kampuni ya General Motors ilianza kuuza mapaa ya chuma kitupu katika magari yake ya mwaka 1935, na wengine wakafuata. Ukiona sedani ya Kimarekani yenye nguo katikati ya paa, yaelekea ni ya kabla ya wakati huo au karibu nao.

Ziko pia dalili za njia ambayo gari lilipita kutufikia. Ford zilizouzwa katika makoloni ya Waingereza zilitoka sana Kanada, zenye usukani upande wa kulia. Turingi ya Ford T iliyotengenezwa Marekani kwa miaka mingi haikuwa na mlango wa kweli upande wa dereva, bali umbo la mlango lililochorwa katika bati. Ile ya Kanada ilikuwa na mlango ufunguliwao. Namba ya injini imepigwa ubavuni mwa injini, upande wa kushoto, juu ya mahali maji yaingiapo, na katika Ford A na AA za Kanada namba hiyo hutanguliwa na herufi CA. Lori la Bariadi lilikuwa na herufi hizo, na tanki lake la petroli lilikuwa mbele ya dereva, chini ya kioo cha mbele, kama ilivyo desturi ya Ford A na AA. Kwa hiyo chesesi na injini tulizijua bila ya shaka: Ford AA, kutoka Kanada.

Lakini bodi haikuwa ya Kanada. Na hapa ndipo orodha za umbo zilizoandikwa Ulaya na Marekani zinapotuacha njiani. Malori mengi yaliletwa Afrika ya Mashariki yakiwa chesesi, injini na uso tu. Kitanda cha nyuma, kuta na mara nyingi hata chumba cha dereva vilijengwa huku huku, katika karakana za maseremala wa Kihindi na Kiafrika. Magari madogo nayo yalijengewa nyuma sanduku la mbao lenye paa na mapazia pembeni, likachukua watu, mbwa, hema na debe za maji. Gari la sanduku namna hii lilipendwa na walowezi wa Kenya na wawindaji wa Serengeti. Tena gari la kale halikutupwa lilipochakaa: sedani iliweza kukatwa mgongo ikawa pikapu, na turingi ikageuzwa gari la kuchukulia mboga sokoni.

Basi mwenye kutambua bodi katika nchi yetu afanye kama afanyavyo msomi mwenye hati ya zamani mkononi, ambaye hutenga maneno ya mtunzi na maneno ya mnakili. Atazame mbao kwanza. Mafundi wa Uingereza walitumia sana mti wa eshi, ambao ni mweupe na wenye nyuzi zilizonyoka. Akikuta mninga wenye rangi ya kahawia nyekundu, au mvule, ajue kwamba mkono wa hapa ulifanya kazi, ama ya kujenga ama ya kutengeneza. Kisha atazame kingo za bati: kiwanda huzikunja, msumeno wa mkono huziacha na meno. Atazame na matundu ya skrubu, kwani tundu lisilo na kazi ni kumbukumbu ya kitu kilichoondolewa. Bodi ya lori la Bariadi ilikuwa ya mninga. Tulipoinua mbao za kitanda chake tuliona, upande wa chini, alama za patasi: mstari mmoja, miwili, mitatu, mpaka saba, kila ubao na namba yake, ili fundi ajue upi hukaa wapi.

Tuje katika mafuta. Neno lenyewe lataka uangalifu, kwa kuwa kwa Kiswahili twasema mafuta tukikusudia petroli, dizeli, ya taa na hata ya kupikia. Mafundi wetu wameondoa utata huo kwa kusema oili, nami nitawafuata.

Kazi ya oili ni kukaa kati ya chuma na chuma visigusane, na kuchukua joto na uchafu. Wepesi au uzito wake ndio sifa ya kwanza. Zamani kila muuzaji alikuwa na alama zake. Oili ya Gargoyle Mobiloil, mathalan, ilitajwa kwa herufi, na mwenye Ford T aliambiwa atumie E. Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SAE, kilitoa mpango wa kwanza wa kuainisha oili, na kutokana na mpango huo tumepata namba tuzionazo leo katika makopo. Namba kubwa ni oili nzito. Herufi W huonyesha tabia ya oili katika baridi kali. Oili zenye namba mbili, kama 10W-30, zilienea baada ya vita, katika miaka ya 1950. Bariadi haina theluji. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya namba hiyo haina uzito mkubwa kwetu kama iliyo nao kwa mtu wa Kanada.

Kabla ya hayo, na pamoja na hayo, palikuwa na mafuta ya mbarika. Watu wa Afrika ya Mashariki waliyajua tangu zamani kwa kupaka mwili na kulainishia ngozi. Wazungu nao waliona kwamba hustahimili joto la injini za mbio, na jina la Castrol, lililotolewa mwaka 1909, limetokana na jina la Kiingereza la mbarika. Walakini mafuta haya yakikaa huganda kama gundi, wala hayapatani vema na oili ya madini. Mwenye gari la kale asijaribu kuyatia kwa kudhani kwamba kila cha kale hufaa cha kale.

Tofauti kubwa kati ya oili ya kabla ya vita na ya leo haimo katika namba. Imo katika dawa zilizochanganywa. Oili ya zamani ilikuwa mafuta ya madini yaliyosafishwa, basi. Uchafu ulipoingia, masizi, vumbi na chembe za chuma, ulizama taratibu ukajikusanya chini ya injini na katika pembe zake kama tope jeusi. Katikati ya miaka ya 1930 zikaanza kutumika dawa za kusafisha, kwanza kwa ajili ya injini za dizeli za matrekta, na baada ya vita zikaenea katika oili karibu zote. Dawa hizi huufanya uchafu uelee ndani ya oili, usizame, mpaka ufike katika chujio unaswe. Ni jambo jema sana katika injini yenye chujio.

Ford AA haina chujio la oili, ila wavu wa waya tu. Pampu yake huinua oili mpaka katika chumba cha vali, na kutoka hapo oili hutelemka kwa uzito wake katika vijibomba vyembamba kwenda kwenye beringi kubwa. Beringi za mikono ya pistoni huteka oili kwa vijiko kutoka katika sahani iliyo chini yake. Beringi zenyewe ni za metali laini yenye bati, iliyomiminwa mahali pake. Sasa na tufikiri: injini imefanya kazi miaka mingi katika vumbi, kwa oili isiyo na dawa, tope limekaa katika chumba cha vali na chini ya tumbo, likakauka. Mtu amwaga oili ya kisasa, nzuri, ya bei kubwa. Dawa zaanza kazi yake. Tope labanduka vipande vipande, laenda pamoja na oili mpaka katika vijibomba, nalo laviziba. Beringi yakosa oili, yapata moto, metali laini yayeyuka. Ndipo mgongano ule wa nyundo husikika. Fundi aliyefanya hivyo hakuwa mvivu wala mwizi. Alitia oili bora kuliko zote alizozijua, ila aliichagua kwa elimu ya gari la leo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kufungua kabla ya kumimina. Tumbo la injini literemshwe, chumba cha vali kifunguliwe, tope likwanguliwe kwa mkono, vijibomba vipulizwe mpaka upepo upite. Matone ya oili nyepesi yatiwe katika silinda kupitia matundu ya plagi, yakae siku kadhaa, kisha injini izungushwe kwa hendeli polepole, plagi zikiwa nje. Asiyeweza kuyafanya haya asiwashe gari. Na aliache kama lilivyo, kwa kuwa injini iliyonyamaza yaweza kuamshwa hata baada ya miaka, lakini beringi iliyoyeyuka hairudi.

Kanuni ya pili: injini iliyosafishwa hivyo haina sababu ya kuogopa oili ya kisasa. SAE 30, au 10W-30, yafaa Ford A na AA katika joto letu. Kwa kuwa hakuna chujio, oili ndiyo chujio, na hapana budi imwagwe mapema. Ford yenyewe iliagiza ibadilishwe kila maili 500, yaani kilomita 800. Dereva wa leo aliyezoea elfu tano ataona huo ni ubadhirifu. Katika vumbi la Bariadi si ubadhirifu.

Kanuni ya tatu yahusu Ford T na TT. Injini hizi hazina pampu ya oili. Gurudumu zito la nyuma ya injini huirusha oili juu, kijibomba kimoja huipokea na kuipeleka mbele, na iliyobaki hurukia kila mahali. Oili nzito hairuki vema. Kwa hiyo yafaa nyepesi, na kipimo chake hujulikana kwa vikoki viwili vilivyo chini ya injini: oili iwe juu ya kile cha chini, isipite kile cha juu. Oili hiyo hiyo huilowanisha mikanda ya gia, nayo mikanda hiyo asili yake ni kitambaa cha pamba. Inapochakaa hutoa nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi huziba kijibomba. Pamba ile ile iliyopakiwa nyuma iliweza kuiua injini kutoka ndani, kama dereva hakufahamu.

Kanuni ya nne: oili nzito si dawa ya ugonjwa. Wako wauzaji na mafundi waiponyao injini igongayo kwa kuitia oili nzito, sauti ikapungua mpaka gari liuzwe. Oili hiyo haijazi chuma kilicholika. Yachelewesha tu habari mbaya. Kanuni ya tano ni ya gia na ekseli. Katika malori ya TT ekseli ya nyuma huzungushwa kwa gia ya parafujo juu ya gurudumu la shaba nyeusi. Oili nyingi za gia zenye alama GL-5 zina dawa za salfa ziwezazo kuila shaba. Mwenye gari la namna hiyo atafute GL-1, au GL-4 iliyoandikwa wazi kwamba haidhuru shaba. Tena wako waogopao kwamba oili za siku hizi zimepungukiwa zinki. Hofu hiyo ina maana kwa injini za baadaye zenye springi kali za vali. Injini za kabla ya vita nyingi zina springi laini, nazo zilifanya kazi kabla zinki haijaanza kutiwa katika oili.

Yaliyobaki ni swali la haki. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vilivyotengenezwa na binadamu. Carl Benz alipata hataza ya motokaa yake mwaka 1886. Kwa umri wake peke yake, basi, hakuna gari duniani liwezalo kuufikia mpaka huo. Makumbusho ya Taifa katika Dar es Salaam yamehifadhi magari ya wakuu, likiwamo Rolls-Royce lililotumiwa na magavana na baadaye na Mwalimu Nyerere, nayo yamefanya vema. Lakini lori la pamba halikumchukua gavana. Lilichukua magunia, na juu ya magunia wakaketi wakulima waendao mnadani, wagonjwa waendao hospitali, na vijana waendao kutafuta kazi Mwanza na Mwadui. Mlinzi wake ni mwenyewe tu, na mnunuzi wa chuma chakavu huja na mizani.

Kijana yule wa Bariadi hakuliuza lori lake. Alikuwa na kusudi jingine, nalo karibu lilinitia hofu zaidi: alikuwa ameona picha ya Ford AA iliyotengenezwa upya ng'ambo, yenye bodi ya chuma ing'aayo, akataka ya kwake iwe vile vile, na mbao za babu yake alikwisha kuzipanga kando kwa ajili ya kuni. Nikamwambia kwamba zile za picha ziko nyingi duniani, na kila kipande chake chaweza kununuliwa. Bodi ya mninga yenye alama za patasi mpaka saba ni hii moja. Injini nayo yaweza kumiminiwa beringi mpya. Hajui ni nani aliyezikata alama zile, wala babu yake hakuacha jina. Alinyamaza kwa muda, kisha akamwita mdogo wake, wakaanza kuzirudisha mbao chini ya banda, wakizipanga kwa kufuata namba.